Kisu Kipya Si Kisu Tayari

Tia mkono mfukoni au shika kiuno chako. Je, una kisu hapo? Kama wewe ni mfugaji wa Engaresero, najua jibu lako. Unacho. Kisu ni rafiki wa mfugaji. Kinakata kamba. Kinachonga fimbo. Kinachuna ngozi. Kinakata kwato zilizorefuka. Kinamenya embe la safari.

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na umri wangu umepita miaka 40. Nimekaa hapa chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kando ya Ziwa Natron, nikifanya kazi pamoja na wafugaji na wakulima. Leo sitasema juu ya mbegu wala josho. Nataka tuzungumze juu ya kisu cha kukunja, kile kinachoingia mfukoni. Nataka kukueleza jinsi ya kukifungua kikiwa kipya, kukisafisha, kukirekebisha na kukitia makali, wewe mwenyewe, nyumbani kwako.

Utauliza, "Kisu kipya kinahitaji kurekebishwa kwa nini?" Soma mpaka mwisho, utajua.

KISU NI KITU CHA ZAMANI

Wilaya yetu ya Ngorongoro ina Bonde la Olduvai. Huko, karibu miaka milioni 2 iliyopita, viumbe wa kale walivunja mawe ili wapate vipande vyenye makali. Kwa vipande hivyo walikata nyama. Louis Leakey na mkewe Mary Leakey walifanya utafiti huko miaka mingi. Mwaka 1959 Mary Leakey aliona fuvu la kale ambalo lilijulikana dunia nzima. Basi, vile vipande vya mawe ni miongoni mwa visu vya kale sana. Vimetoka katika ardhi yetu.

Baadaye watu walijua chuma. Kule Kagera, karibu na Ziwa Viktoria, watu waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo karibu miaka 2,000 iliyopita. Huku kwa Wamaasai wako wahunzi wanaoitwa ilkunono. Hao ndio waliotengeneza mikuki na sime. Hata leo sime nyingi hufuliwa kutokana na tupa kuukuu au springi ya gari. Chuma cha springi ni kigumu na kinavumilia.

Kisu cha kukunja cha kiwandani kilitoka nchi nyingine. Huko Uswisi, Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884. Mwaka 1891 akaanza kuwapa askari wa nchi yake visu vya kukunja. Huko Ufaransa, Joseph Opinel alitengeneza kisu cha mkulima chenye mpini wa mti mwaka 1890. Kisu hicho kilikuwa rahisi, na watu wa mashamba walikipenda. Mwaka 1955 kikaongezwa kipete cha chuma kinachozungushwa, ili kisu kisijikunje mtu anapofanya kazi.

Angalia jambo hilo, ndugu msomaji. Tangu 1890 mpaka 1955 ni miaka 65. Watu waliendelea kufikiri jinsi ya kukizuia kisu kisimfungie mtu vidole. Maana hiyo ndiyo hatari kubwa ya kisu cha kukunja.

KIDOLE CHA KIJANA

Kijana mmoja wa hapa kwetu alikuwa akichunga mbuzi. Alikuwa na kisu kipya cha kukunja, kimekaa mfukoni wiki moja tu. Alitaka kukata tawi la mti wa miiba ili azibe pengo la boma. Alikata, kisu kikanasa katika mti. Akakivuta na kukisukuma ili kinasuke. Mara kisu kikajikunja. Makali yakaangukia kidole chake cha shahada.

Wenzake walimfunga kwa kitambaa na kumkimbiza kwenye zahanati. Alishonwa. Kidonda kilipona. Lakini kidole kile hakikunji tena vizuri, kwa sababu mshipa wake ulikatika. Sasa kijana huyo akikamua mbuzi, kidole kimoja kinasimama wima kama kinaonya watu.

Nilimwomba anionyeshe kile kisu. Ndani ya mpini wake kulikuwa na ulimi wa chuma. Kazi ya ulimi huo ni kusimama nyuma ya bapa kisu kikifunguliwa, ili bapa lisirudi. Nilitazama kwa makini. Ulimi ulishika ukingo tu wa bapa, upana wa uzi. Na penye ulimi palijaa mafuta meusi na mchanga. Kisu hicho kilikuwa kipya, lakini hakikuwa tayari.

Tangu siku ile nilisema moyoni kwamba jambo hili linafaa kufundishwa kama tunavyofundisha kilimo. Nilipokwenda mnada wa Karatu nilinunua kisu cha namna ile ile. Nikarudi nacho kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka. Jumapili nilikaa nyumbani, majirani wakaja, nikakifungua mbele yao.

Mzee mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, kitu kipya umekinunua jana, leo unakivunja?"

Nilimjibu, "Sikivunji, mzee wangu. Nakifungua. Wewe ukinunua ng'ombe mnadani, humtazami meno na kwato?"

Akacheka. Akasema, "Hapo umesema. Fungua, tuone meno yake."

JUA KISU CHAKO NI CHA AINA GANI

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kisu chako. Visu vya kukunja vinavyouzwa minadani ni vya aina tatu.

Aina ya kwanza ina springi mgongoni. Bapa hubanwa na springi tu, hakuna kitu cha kulizuia kabisa. Kisu hiki kimefungwa kwa ribiti. Usikifungue. Ukiitoa ribiti huwezi kuirudisha bila vifaa vya fundi. Kisafishe tu. Kama bapa linacheza kushoto na kulia, weka kichwa cha ribiti juu ya chuma kizito na ukigonge kidogo kidogo kwa nyundo upande wa pili. Gonga, jaribu. Gonga, jaribu. Ukizidisha, kisu hakitafunguka.

Aina ya pili ina mpini wa mti na kipete cha kuzungusha. Hiki nacho kina ribiti. Hakikisha kipete kinazunguka na kubana. Kama mti umevimba kwa maji, kianike kivulini. Usikianike juani, mti utapasuka.

Aina ya tatu ina ulimi wa chuma ndani, nao mpini umefungwa kwa skrubu. Hiki ndicho kinachoweza kufunguliwa chote. Hiki ndicho nilichofungua mimi.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Vifaa si vingi. Chukua bisibisi inayoingia sawasawa katika kichwa cha skrubu. Visu vingi vya siku hizi vina skrubu yenye tundu la nyota ya ncha sita. Bisibisi bapa haifai hapo. Itaharibu kichwa, na skrubu haitatoka tena. Bisibisi za nyota huuzwa kwa mafundi wa simu na wa redio. Mtu mmoja akinunua seti, kijiji kizima kinaweza kuazima.

Tafuta pia mswaki wa zamani, sabuni, maji ya moto, mafuta ya taa kidogo, kitambaa kikavu, msasa laini sana, na mafuta ya cherehani. Mwisho, tafuta karatasi na kalamu.

Kalamu ya nini? Nitakuambia sasa hivi.

FUNGUA KWA UTARATIBU

Fanya kazi mchana, penye mwanga. Fanya ndani ya nyumba. Unajua upepo wetu wa Engaresero. Unapeperusha vumbi jeusi, na utapeperusha skrubu zako pia. Tandika kitambaa cheupe ili kitu kidogo kikianguka ukione. Watoto wakae mbali kidogo, waone kwa macho.

Kwanza, zungushia makali ya kisu kitambaa au karatasi nene na ufunge kwa uzi. Mtu hukatwa na kisu wakati akili yake iko kwenye skrubu.

Pili, chora umbo la kisu kwenye karatasi. Kila kitu unachokitoa, kiweke mahali pake juu ya ule mchoro na uandike namba. Skrubu ya kwanza andika 1. Ya pili andika 2. Endelea hivyo. Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Hapa ndipo elimu yako inapokusaidia. Siku ya kurudisha hutauliza mtu. Utasoma karatasi yako mwenyewe: 5, 4, 3, 2, 1.

Tatu, fungua skrubu. Ukizungusha kushoto inafunguka. Ukizungusha kulia inakaza. Bonyeza bisibisi kwa nguvu, kisha zungusha polepole. Kama skrubu inakataa, usiilazimishe. Viwanda vingi hutia gundi katika meno ya skrubu. Pasha msumari moto, uguse kichwa cha skrubu muda mfupi ili gundi ilainike, kisha jaribu tena. Usiweke kisu chenyewe motoni. Nitakueleza sababu baadaye.

Nne, inua upande mmoja wa mpini. Utaona kiungo cha kisu. Kiungo hiki ni kama goti la mtu. Hapo bapa huzunguka. Kila upande wa bapa kuna kipete chembamba cha shaba au plastiki. Mafundi hukiita washa. Kazi yake ni kuzuia chuma kisisuguane na chuma. Toa washa ya kwanza, toa bapa, toa washa ya pili. Andika ipi ilikuwa juu na ipi ilikuwa chini.

NILICHOKIONA NDANI

Majirani walisogea. Ndani ya kisu changu kulikuwa na mafuta mazito, meusi. Nilichukua mafuta hayo kidogo kwa kidole na kuyasugua. Yalikuwa na chembe za chuma, mabaki ya kazi ya kiwandani. Chembe hizo ndizo zilizofanya kisu kifunguke kwa shida, kama mlango wenye mchanga. Washa moja ilikuwa na ukingo mkali uliobaki ilipokatwa. Na ulimi wa chuma ulikuwa umelegea, kama wa kisu cha yule kijana.

Yule mzee alisema, "Kumbe uzuri wa nje si uzuri wa ndani."

Osha vipande vyote vya chuma kwa mafuta ya taa na mswaki. Kaa mbali na moto na sigara. Usitumie petroli, maana inashika moto upesi mno. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni. Futa na kausha kabisa.

Hapa nina neno kwa watu wa Natron. Sisi tuna magadi. Mama mmoja aliniambia, "Bwana shamba, magadi hutoa mafuta vizuri kuliko sabuni." Ni kweli. Lakini kama mpini wa kisu chako ni wa alumini, usiuoshe kwa magadi. Magadi hula alumini. Ndiyo sababu sufuria ya alumini iliyopikiwa magadi hubadilika rangi na kuchakaa.

Sasa chukua washa. Weka msasa laini juu ya kioo au kigae kilicho sawasawa. Weka washa juu ya msasa na uizungushe kwa kidole kama unaandika namba 8. Fanya mara 10 tu kila upande. Shabaha ni kuondoa ukingo mkali. Si kuimaliza washa. Ikiwa nyembamba mno, bapa litacheza.

ULIMI UNAOSHIKA BAPA

Hapa ndipo penye usalama wa vidole vyako. Soma polepole. Ukiweza, soma mara mbili.

Usipige msasa wala tupa pale ambapo ulimi hukutana na bapa. Mahali pale pamekatwa kwa kipimo. Ukipapunguza, ulimi hautashika tena.

Kama ulimi umelegea, ushike kwa vidole na uukunje kidogo kuelekea ndani, upande ule wa bapa. Kidogo tu. Kisha rudisha vipande na utazame. Kisu kikiwa wazi, ulimi ufunike angalau robo ya unene wa bapa. Ukishika upana wa uzi tu, haufai. Kunja tena kidogo. Ukivuka bapa mpaka upande wa pili, umezidi.

Mimi nilikunja na kujaribu mara tatu. Mara ya tatu ulimi ukakaa mahali pake.

RUDISHA KISU

Soma karatasi yako kuanzia namba ya mwisho. Rudisha washa, bapa, washa ya pili, kisha upande wa mpini. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa kiungo. Tone moja linatosha. Mafuta mengi huvuta vumbi. Usitumie mafuta ya kondoo. Hayo huganda, hunata na kunuka.

Kaza skrubu zote kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Usimalize moja kabla ya kushika nyingine. Mwisho shughulikia skrubu kubwa ya kiungo. Ikaze mpaka bapa lisicheze kushoto wala kulia. Kama sasa bapa ni zito kufungua, legeza kidogo sana, pungufu ya robo ya mzunguko. Jaribu. Bapa liende laini, lakini lisicheze.

Kisha funga kisu na ukitazame kwa juu. Ncha iwe katikati ya mpini. Kama makali yanagusa upande mmoja, legeza skrubu, sogeza bapa, kaza tena. Makali yakigusa chuma cha mpini yatakuwa butu kila siku, nawe utalaumu kinoo bure.

JARIBU KABLA YA KUAMINI

Fungua kisu. Shika mpini kwa ubavu, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa. Weka mgongo wa bapa, si makali, juu ya gogo. Bonyeza polepole, halafu zidisha nguvu. Kisu kikibaki wazi, kimefaulu. Kikijikunja, hakijafaulu. Rudi kwenye ulimi. Kama hakifai kabisa, kitumie kwa kazi nyepesi tu, au kiache. Kisu ni cha bei ndogo. Kidole hakiuzwi mnadani.

Tena, hata kisu kizuri cha kukunja si panga. Usikitumie kuchoma kwa nguvu, kubanjua wala kukata matawi makubwa. Kazi hizo zina vifaa vyake.

KUTIA MAKALI

Visu vingi vipya hutoka kiwandani na makali yasiyo sawa. Upande mmoja ni mpana, mwingine mwembamba. Inabidi kunoa.

Tumia kinoo cha dukani kama unacho. Kama huna, tafuta jiwe laini la mtoni lenye uso ulio sawasawa. Mawe yenye matundu yaliyotoka kwenye volkano hayafai, yanang'oa makali. Tena geuza kikombe cha udongo cha kunywea chai. Utaona duara la chini ambalo halikupakwa rangi ya kung'aa. Duara hilo linanoa vizuri sana.

Je, kisu kiinamishwe kiasi gani? Chukua karatasi yenye kona iliyo sawa. Kona hiyo ni nyuzi 90. Ikunje mara moja, kona ikutane na ubavu wake. Sasa ni nyuzi 45. Ikunje tena. Sasa ni nyuzi 22 na nusu. Simamisha kona hiyo kando ya kinoo na uinamishe kisu kiwe sawa nayo. Huo ndio mwinamo wa kisu cha kazi. Lakini usikunje gazeti hili kabla jirani yako hajalisoma.

Lowesha kinoo. Sukuma kisu kama unataka kukata ganda jembamba la jiwe. Anza shinani, malizia kwenye ncha. Noa upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea nje, usikie uzi mwembamba wa chuma. Usipapase kwa urefu wa makali, utajikata. Ukisikia uzi huo toka shinani mpaka nchani, geuza kisu. Noa upande wa pili mpaka uzi uhamie upande wa kwanza. Halafu punguza nguvu, noa mara moja huku, mara moja huku. Mwisho kipitishe kwenye mkanda wa ngozi, makali yakifuata nyuma. Ule uzi utaondoka. Jaribu kukata karatasi. Usijaribu kwenye kucha wala nywele za mkono.

Usinoe kwenye gurudumu la mashine lisilo na maji. Chuma hupata moto. Kikifika rangi ya majani makavu, tahadhari. Kikifika rangi ya buluu, pale pameharibika. Ugumu wa chuma umepotea na makali hayatakaa tena. Ndiyo sababu nilisema usiweke kisu motoni. Wako watu wanaogeuza makaa kwa kisu, kisha wanasema kisu hiki ni kibovu.

KITUNZE KISU CHAKO

Vumbi la hapa kwetu lina magadi na chumvi. Tunakumbuka mwaka 2007 mlima ulipolipuka, majivu yakaanguka juu ya malisho na mifugo ikahamishwa. Hata katika siku za utulivu vumbi hilo huingia kila tundu. Likikutana na jasho au damu, kutu huja. Kwa hiyo futa kisu kila jioni. Kikitumika kuchinja, kioshe siku hiyo hiyo na ukikaushe.

Visu vingi vya siku hizi ni vya chuma kisichoshika kutu upesi. Mwaka 1913 Harry Brearley, wa mji wa Sheffield huko Uingereza, alitengeneza chuma cha namna hiyo kwa kukichanganya na kromiamu. Lakini hata chuma hicho, kikiachwa na damu na chumvi, kitashika kutu.

Kisu kikali hukuongezea fedha pia. Mama aliyekuwa miongoni mwetu siku ile aliuliza, "Na sisi je? Ngozi tunazitengeneza sisi, lakini visu vizuri viko kwa wanaume." Alisema kweli. Ngozi ya mbuzi yenye matundu na mikato ya kisu hushushwa daraja, na bei yake hushuka. Kisu butu humfanya mtu atumie nguvu, kikateleza na kutoboa. Pasua kwa kisu kikali, kisha ukifika ubavuni weka kisu chini. Tumia ngumi kutenga ngozi na nyama. Na kila aliye na kazi ya kisu, mwanamke au mwanamume, awe na kisu chake na ajue kukinoa.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Kwanza, kisu cha kazi kisikate mwili wa mtu. Kisikate kitovu cha mtoto wala kuchanja chale. Kinaweza kuleta pepopunda, UKIMWI na maradhi mengine. 

Pili, mnyama akifa ghafla, damu ikatoka puani au mkunduni na haigandi, usitoe kisu chako. Huenda ni kimeta. Usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Mwite bwana mifugo. Ugonjwa huo huua watu.

Tatu, mtu akikatwa, bana kidonda kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Damu ikipungua, osha kwa maji safi na sabuni. Nenda zahanati, uombe pia kuangaliwa kuhusu sindano ya pepopunda. Usitie majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe.

Nne, ukimpa mtu kisu, mpe kimekunjwa.

Siku ile tulipomaliza, kijana mwenye kidole kilichosimama alileta kisu chake. Alikaa, akachora umbo lake kwenye karatasi, akaandika namba. Aliandika polepole, maana amejifunza kuandika si zamani. Alifungua, akaosha, akakunja ulimi, akarudisha. Mimi sikushika kitu. Alipokibonyeza kwenye gogo, kisu kilibaki wazi. Tangu hapo amefungua visu vya vijana wanane wanaochunga pamoja naye. Vitano vilikuwa na ulimi uliolegea.

Basi, ndugu msomaji, usingoje kidole cha mtu wa boma lako kikatike. Leo jioni kusanya visu vya nyumbani. Tazama kila kimoja ni cha aina gani. Kibonyeze kwenye gogo kama nilivyoeleza. Kisichofaa kirekebishe, au kiondoe mikononi mwa watoto. Na asiyejua kusoma, msomee habari hii, naye afanye kazi hiyo kwa mikono yake huku wewe ukimsomea hatua moja moja.